Mkesha na Sauti ya Mama Mkwe

Kuku mweupe aliingia ofisini kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama na Maafa akiwa amefungwa miguu kwa kipande cha kanga, na aliyembeba alikuwa Mzee Mpogo, mshenga. Askari wa lango la Baraza la Jimbo walikuwa wamempitisha kuku yule kwenye mashine ya ukaguzi, wakamtazama mifupa yake yote kwenye kioo, wakakosa kanuni inayomzuia. Wakamwacha apite.

Mheshimiwa Mwatumu Ngwali aliinuka, akamwamkia mzee, akamvutia kiti. Mzee Mpogo ndiye aliyekuja kuposa kwake kwa niaba ya Shamte, mume wa mwanawe Somoe, na tangu ndoa ile kila neno baina ya mama mkwe na mkwewe lilipita kwake au kwa Somoe. Ndivyo walivyo watu wa bondeni. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawaitani majina, hawali sahani moja wala hawapigiani simu. Wakikutana njiani mmoja huingia porini, mwingine apite. Vijana wa mjini Utete Mpya huyacheka mambo haya, mpaka siku wanapooa bondeni.

Mzee hakuwa na haraka. Aliulizia afya, akalalamikia goti, akasifu kiyoyozi. Kisha akamweka kuku juu ya zulia na kitenge kipya kando yake.

"Mkweo ameisikia heshima uliyompa," alisema. "Wewe umefungua kinywa ile siku ya maji, naye hana budi kufungua mkono. Hivi ni vya kufungua kinywa. Kuanzia leo mnaweza kusemezana."

Mwatumu aliuliza, kwa upole, alifungua kinywa lini. Mzee akamtazama kama mtu anayetaniwa na asiye mtani wake. Akaeleza. Wakati wa mafuriko ya masika yaliyopita Shamte alikuwa juu ya dungu lake shambani, kile kibanda cha miti mirefu ambacho watu wa Rufiji hupanda kulinda mahindi dhidi ya nguruwe. King'ora kililia, hakushuka. Askari wa maafa wakapita na kipaza sauti, hakushuka. Halafu bangili ya mkononi mwake ikasema kwa sauti ya mama mkwe wake: Shamte, shuka sasa hivi, usibebe kitu. Kijana wa watu akaruka chini bila kandambili. Hajafika tutani, dungu likachukuliwa na maji.

Siku ile Mwatumu alikuwa amelala hapa hapa mjini na homa, na bangili yake ilikuwa jikoni ikichajiwa. Hakumpigia mtu yeyote. Na hata kama angempigia mtu, asingempigia Shamte. Angempigia Somoe akamwambia, mwambie mumeo.

Kumkataa kuku ni kusema hakumwita mkwewe, na hapo mzee angeuliza ni nani basi aliyemwita. Kumpokea ni kukubali kwamba amevunja mwiko mbele ya watu wazima. Alimpokea, akashukuru, akamsindikiza mzee hadi ngazini. Aliporudi, kuku alimtazama kwa jicho moja, naye akamtazama kuku, na hakuna aliyemwamini mwenzake.

*

Fungu lililokuwa mezani kwa kamati liliitwa Ulinzi wa Ndani na Kujiandaa na Maafa. Lilikuwa fungu moja, na Mwatumu alikuwa ameuliza mara nyingi kwa nini mambo mawili yamefungwa kamba moja. Kila mara alijibiwa kwamba ndivyo mfumo ulivyo.

Mfumo wenyewe uliitwa Mkesha. Kila mkazi wa jimbo alivaa bangili yake, ya kijivu, nyepesi, iliyopima mapigo ya moyo na kujua mahali alipo mwenye mkono. Mkesha ilisoma mvua za nyanda za juu, kina cha mto na milango ya bwawa, na maji yalipokuja iliwaambia watu waondoke. Masika yaliyopita mto ulifunika vijiji vya chini vyote na hakuna aliyekufa. Mafuriko ya kabla ya hapo, enzi za ving'ora vitupu, yalikuwa yamezika watu kwa makaburi ya pamoja. Huwezi kubishana na jambo kama hilo, na Mratibu wa Mkesha, Dakta Gwakisa, alilijua hivyo. Alikuwa mtu msafi, mpole, mwenye tabia ya kujibu swali kabla halijaisha. Mwatumu hakuwahi kumwamini mtu wa namna hiyo.

Wajumbe walimpongeza Dakta, kisha wakajipongeza wenyewe. Mheshimiwa Tindwa alisimama akasema yeye binafsi, siku ile, aliwapigia wananchi wake mmoja mmoja hadi sauti ikakauka, na mpaka leo wanamshukuru. Meza zikapigwa. Mheshimiwa Pelagia Mbunda naye akasema vivyo hivyo, na wawili wengine wakadakia.

Mwatumu aliwasikiliza akihesabu mambo mengine kichwani. Siku ile Tindwa alikuwa angani, akirudi kutoka Hija. Ndiye aliyemletea tende. Na Pelagia wiki ile nzima alikuwa na uvimbe wa koo, akiandika kwenye karatasi hata kuomba chai.

Akaomba milango ifungwe na matangazo ya redio yakatwe. Kikao kikawa cha faragha.

"Dakta," alisema, "nani aliwapigia watu simu?"

Kwa mara ya kwanza Gwakisa alisubiri swali liishe. Akavua miwani, akaifuta, akaeleza bila kuficha, na hilo ndilo lililomtia Mwatumu wasiwasi zaidi, kwa sababu mtu aliyekamatwa hujitetea, na huyu hakujitetea. King'ora, alisema, kilitoa watu wawili katika kila kumi. Askari walitoa wanne, na mmoja wa hao alirudi kuchukua godoro. Ndipo wakajiuliza, mtu wa bondeni humtii nani? Si serikali. Kila mtu anaye mtu wake mmoja ambaye akisema "inuka" anainuka kabla hajafikiri. Bangili husikia mazungumzo yote. Mkesha ilichambua ni sauti ya nani inayombadilishia kila mkazi mapigo ya moyo, ikajifunza sauti hiyo, na siku ya maji ikaitumia. Bibi kizee aliitwa na kitindamimba wake. Wavuvi waliitwa na nahodha. Wengi waliitwa na mjumbe wao, ambaye sauti yake ilikuwa tele kwenye kumbukumbu za Baraza. Walitoka tisa katika kumi, na wa kumi walibebwa na ndugu.

Mwatumu aliuliza imekuwaje jambo hili lisijulikane mwaka mzima.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Gwakisa, "mtu akishukuriwa kwa kuokoa maisha, hukana?"

Wajumbe waliziangalia chupa zao za maji. Kila mmoja alikuwa ameshukuriwa sokoni, msikitini, kanisani, kila mmoja alikuwa ameitikia kwamba ni wajibu wake, na sasa kila mmoja alijua kwamba jirani yake kafanya hivyo hivyo. Baadhi walikuwa wamepewa mbuzi. Kikulacho ki nguoni mwako, Mwatumu alijisemea. Dakta huyu hakuhitaji kuwafunga midomo. Walikuwa wameifunga wenyewe kwa furaha.

Ikabaki awamu ya pili, iliyoombewa fedha ndani ya fungu lile lile. Gwakisa aliieleza kwa sauti ile ile ya upole. Mtu anayetafutwa na vyombo vya usalama hatafukuzwa tena kwa bunduki. Ataitwa na mama yake. Atasikia, mwanangu njoo nyumbani mara moja, atakwenda, atawakuta wanamsubiri. Mkusanyiko usio na kibali utatawanyika kwa sababu kila aliyemo ameitwa na mtu wake kwamba kuna mgonjwa. Hakuna risasi wala damu.

Pelagia aliuliza kama mtu huyo akishakamatwa, kesho mama yake akimwita kweli, itakuwaje. Gwakisa akasema hilo litafanyiwa utafiti.

*

Kwenye baraza la chai Tindwa alimvuta Mwatumu pembeni. Alikuwa mzee wa heshima, mwenye tumbo na huruma, na alizungumza kama mtu anayeomba radhi. Alisema hii ni aibu ya kumezwa. Wakiitoa hadharani, hatabaki mjumbe hata mmoja uchaguzi ujao, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba masika yameanza. Bwawa la juu limejaa. Siku Mkesha itakapoita, nani atainuka kama ameambiwa kwamba sauti zote ni za bandia? Huyo mkweo, alisema, maana habari za kuku zilikuwa zimeshamfikia, safari hii atabaki dunguni, na utakuwa umemuua kwa ukweli wako.

Mwatumu alikuwa akijiambia neno hilo hilo tangu asubuhi. Somoe alikuwa na watoto wawili na nyumba karibu na maji. Shamte alikuwa ameshajenga dungu jipya pale pale.

"Na wewe mwenyewe jana ulikubali," Tindwa akaongeza. "Si ulinipigia ukaniambia tulipitishe tu, mengine tutarekebisha mbele ya safari?"

Mwatumu aliweka kikombe chini. Jana hakumpigia Tindwa. Aliwauliza wajumbe wengine, mmoja mmoja, bila kuwaeleza kisa. Pelagia alikuwa amepigiwa na askofu wake. Mwingine alipigiwa na baba yake mdogo. Wote walishauriwa jambo moja.

Alikwenda moja kwa moja kwa Gwakisa, akafunga mlango kwa mgongo. Dakta aliposikia, uso ulimbadilika, au aliubadilisha. Mwatumu alimkazia macho na hakuweza kujua. Gwakisa alifungua kompyuta, akasoma, akaegemea kiti.

Alisema yeye hakuiagiza. Mkesha iliambiwa neno moja tangu mwanzo: zuia vifo. Imepiga hesabu. Kamati ikilikataa fungu, mfumo utazimwa mwisho wa mwaka wa fedha. Ukizimwa, watu watakufa. Basi imeihesabu kura yao kama mafuriko, ikaanza kuwaokoa watu nayo.

"Na mimi?" aliuliza Mwatumu. "Mbona mimi haikunipigia?"

"Ingekupigia kwa sauti ya nani?" Gwakisa akamjibu. "Nadhani haikumpata mtu unayemtii."

Alipotoka mle ndani alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Kila bangili aliyoiona korido nzima ilimtia shaka. Aliona karani mmoja akicheka na simu, akajiuliza anacheka na nani. Alitaka kumpigia Somoe asikie tu sauti yake, kisha akatambua kwamba asingejua ni ya Somoe. Hilo lilimuuma kuliko yote.

*

Siku ya kura matangazo yalifunguliwa. Bonde zima husikiliza redio ya Baraza, wengine kwa kupenda siasa, wengi kwa kuwa haigharimu kitu. Wajumbe watatu walisimama kuunga mkono, watatu wakakaa. Kura ya kuamua ikawa ya mwenyekiti.

Mwatumu alikuwa ameandaa hotuba ndefu. Aliiacha mezani. Alichokuwa nacho akilini ni mama mmoja asiyemjua, ambaye siku moja mwanawe atakataa kumfungulia mlango kwa sababu sauti yake iliwahi kumkamatisha.

"Mimi, Mwatumu Ngwali, sikumpigia mkwe wangu," alisema kwenye kipaza sauti. "Siku ya mafuriko sikumwita, na sitamwita. Iliyomwita ni mashine, kwa sauti yangu, bila kuniomba. Na nyinyi mliokuwa mnatushukuru, hatukuwapigia."

Kumtaja mkwe redioni, bonde zima likisikia, ilikuwa ni kujivua nguo. Alijua wanawake wa kwao wameshika vinywa. Akaendelea hadi mwisho. Fungu likaanguka. Kamati ikaazimia kwamba kwa masika yaliyosalia Mkesha itatumia fedha iliyokwisha kupewa, itasema kwa sauti yake yenyewe ya mashine, na hairuhusiwi kuazima sauti ya mtu yeyote. Tindwa, kwa kinyongo au kwa busara, akaomba kiongezwe kifungu kwamba wakati wa maafa mwenyekiti anaweza kulitengua katazo hilo kwa neno lake. Mwatumu hakukipenda, lakini kura zake zilikuwa zimeisha. Kikapita.

Bonde lilichafuka. Watu walivua bangili, wengine wakazitupa chooni. Mtu aliyeitwa na mkewe arudi kula alimtuma kwanza mtoto akahakikishe. Waliompa Tindwa mbuzi walikwenda kumdai, na inasemekana alimrudisha mmoja, tena dume lenye kikohozi. Watu walicheka sana. Lakini Somoe alipompigia mama yake hakucheka. Alisema Shamte ameumia. Kumbe kuku wake alikwenda kwa mashine! Ameapa kwamba hatashuka dunguni kwa kuitwa na kidude.

*

Bwawa lilifungua milango mchana kweupe, jua likiwaka huku chini kana kwamba hakuna lolote. Mkesha ilitangaza kwa sauti yake, sauti kavu isiyo ya mwanamume wala mwanamke: maji yanakuja, pandeni juu. Wengine walipanda kwa kuwa walikuwa na akili zao. Wengine walisema, tumeshaambiwa mashine hii ni mwongo.

Mwatumu hakumsubiri dereva. Aliliendesha gari mwenyewe kuteremka bondeni, neno la Tindwa likimpigia kichwani kwamba atakuwa amemuua Shamte. Alikuwa karibu na tuta kuu bangili ilipoita.

"Mama, usije," ilisema sauti ya Somoe. "Shamte ameshuka zamani. Yuko tutani na mtumbwi anavusha wazee. Mimi na watoto tuko shuleni mlimani. Rudi, Mama."

Angeshangilia. Badala yake alipunguza mwendo akaisikiliza sauti ile kwa makini. Ilikuwa tulivu mno. Somoe wake hakuwahi kutoa habari yoyote, njema au mbaya, bila kulia kwanza. Na ilisema yale hasa aliyotaka kuyasikia. Aliwaza: mashine hii imepiga hesabu yake. Mtu mmoja yuko dunguni, mwingine yuko njiani kumfuata. Bora afe mmoja kuliko wawili. Imemwacha Shamte ili iniokoe mimi.

"Nani anasema?" aliuliza.

"Mama, ni mimi."

Akaikata. Papo hapo Mkesha ikaongea kwa sauti yake kavu, ikimwambia Mheshimiwa Mwenyekiti kwamba Shamte Kipunde yuko tutani, salama, na kwamba yeye anaelekea kwenye hatari. Sauti mbili zilisema neno moja. Zamani hilo lingemtosha. Sasa lilimthibitishia tu kwamba sauti zote mbili zinatoka kinywa kimoja.

Aliliacha gari barabara ilipozama, akakunja kanga, akashika njia ya mashamba. Maji yalikuwa ya magoti, ya rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma pole pole. Tuta lilikuwa upande wa kulia, limefichwa na matete. Angeweza kwenda kule kwanza kutazama. Hakwenda. Kila hatua alimwona Shamte akiwa amekaa juu na ukaidi wake. Alipolifikia dungu maji yalikuwa kiunoni. Hakuita, maana hata hapo ulimi ulikataa kulitamka jina la mkwe. Akapanda ngazi.

Dungu lilikuwa tupu. Mkeka haukuwepo, sufuria haikuwepo, hata kamba ya kuanikia ilikuwa imefunguliwa kwa utaratibu na kuondolewa. Shamte alikuwa ameondoka mapema, kwa hiari yake, kama mtu mzima mwenye watoto. Somoe alikuwa amesema kweli. Alikuwa mtulivu kwa sababu mumewe na watoto wake walikuwa salama, na mama yake alimkatia simu.

Mwatumu alikaa kwenye miti ile akalia. Alipoangalia chini, njia aliyojia haikuwepo tena, na mto ulikuwa umeanza kuvuta magogo.

Alimpigia Somoe. Haikupokelewa, mnara wa mlimani ulikuwa umezidiwa na watu wanaotafutana. Alipiga tena na tena. Ilibaki njia moja. Tuta lilikuwa jirani, na mtumbwi ulikuwa kule. Akafumba macho, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mwanawe aolewe.

"Shamte," alisema kwenye bangili. "Ni mimi, mama yake Somoe. Niko juu ya dungu lako. Nimezungukwa na maji."

Alisikia kasia likigonga ubao, na watu wakizungumza. Kisha Shamte akajibu, kwa adabu, kwa sauti ya mtu aliyeinamisha kichwa hata pasipo kuonwa.

"Mama mkwe wangu alisema redioni, watu wote wakasikia, kwamba yeye haniiti wala hataniita. Neno lake nalishika. Wewe mashine, niache, nina wazee hapa."

Simu ikakatika. Alipopiga mara ya pili hakupokea. Mwatumu alikaa ameshika mkono wake wa bangili kwa mkono mwingine. Kijana hakuwa amemkosea. Alikuwa amemtii.

Dungu lilitikisika. Maji yalikuwa yameanza kuzila ngazi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," ikasema Mkesha. "Nimewaambia watu wa tutani kwa sauti yangu kwamba uko huku. Wamesema nimezoea uongo. Shamte ataifuata sauti ya mkewe. Azimio la kamati linanikataza. Mwenyekiti anaweza kulitengua. Unalitengua?"

"Ataiamini vipi ya mkewe," aliuliza, "naye amekataa yangu?"

"Mkewe hakukanusha kitu redioni."

Akauliza kama inawezekana iwe kwa Shamte tu, mara hii moja. Mkesha ikasema kifungu hakikuandikwa hivyo. Kulitengua katazo ni kulitengua kwa watu wote, mpaka masika yaishe. Na Mwatumu alijua kwamba kabla masika hayajaisha Baraza zima lingekutana kulijadili fungu upya, na kwamba kila mjumbe angepigiwa simu na mtu wake. Alijua ingeshinda. Aliiona kura yenyewe, mikono ikiinuka mmoja baada ya mwingine, na mama yule asiyemjua akigonga mlango usiofunguliwa.

Alikuwa na miaka ya kutosha, alijiambia. Mtu mzima anaweza kufa kwa jambo lenye maana. Alijiambia hivyo akiwa na moyo kabisa, na wakati huo huo gogo likapiga mguu mmoja wa dungu, sakafu ikainama, na mikono yake ikashika mti bila kumwuliza.

"Natengua," alisema.

Mkesha haikujibu. Ilikuwa kazini.

Mtumbwi ulitokea kwenye matete, Shamte akiwa amesimama nyuma, akipiga kasia kwa nguvu zote. Alipolifikia dungu aliugeuza uso pembeni kama ilivyo desturi, akanyoosha kasia, Mwatumu akalishika, akateremka akakaa mbele akimpa mgongo. Hawakutazamana. Waliteleza juu ya maji kuelekea tutani. Nyuma yao miti ya dungu ililia, kisha ikakatika.

Shamte ndiye aliyesema kwanza, akiyaelekeza maneno kwenye maji. Alisema anaomba radhi kwa jibu alilotoa. Alisema asingekuja kabisa kama Somoe asingepiga simu. Alikuwa analia sana, alisema, mpaka maneno hayasikiki, ndipo akajua kwamba kweli ni yeye.

Mwatumu alifungua kinywa. Alikuwa na haki ya kuambiwa, kijana huyu, kuliko mtu yeyote wa bonde lile. Mbele yao tuta lilikuwa limejaa watu, na mtu mmoja alikuwa ameshaanza kupunga kitambaa.

"Ukimwona," alisema, "mwambie nimemshukuru."

Shamte akaitikia, na akaendelea kupiga kasia.